Namna Nilivyojifunza Kiingereza cha Vitu Vikubwa

Sumbawanga,
Kabla ya mvua.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo tena. Hiyo ya pili ni ya miezi yote niliyokaa kimya. Mguu wako unaendeleaje? Bado unapumzika njiani ukipanda kwenda kanisani, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Migomba imezaaje mwaka huu, na yule ng'ombe mwekundu ameacha tabia ya kuingia mashambani kwa watu? Nijibu yote hayo, hata kama ni kwa mstari mmoja mmoja. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na niko nje.

Nasema niko nje kwa sababu dada Subilaga ameniandikia habari zilizokufikia. Anasema utingo wa lori la maharage alishuka Tukuyu akatangaza sokoni kwamba mwanao Asajile amekamatwa Sumbawanga kwa kutapeli watu mbegu, na kwamba nilibebwa na mgambo huku nimekumbatia gunia. Mama, sikubebwa. Nilitembea kwa miguu yangu. Gunia halikuwepo. Na mbegu ndiyo hasa haikuwepo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Sasa mwambie Subilaga akusomee polepole, na asicheke kabla ya kumaliza sentensi, maana ninamjua.

Yote yalianza na redio. Unajua tangu serikali iifungulie biashara milango, kibanda changu kinauza vitu ambavyo zamani mtu alivifuata mpaka Zambia na kurudi navyo amevifunga ndani ya blanketi: betri, tochi, sabuni za kunukia, redio kaseti za spika mbili. Vyote vinakuja kwenye maboksi yaliyoandikwa Kiingereza kila upande. Basi siku moja mfugaji kutoka Mtowisa, kule chini bondeni, alitaka kununua redio, lakini akasema hatoi hela yake mpaka asomewe boksi lote. Nikamsomea lote, kwa sauti, mpaka onyo la kutoitumbukiza redio kwenye maji. Nilisoma tu, mama. Kuelewa ni jambo jingine, na yeye hakuniuliza kuelewa.

Nyuma yake alikuwa amesimama Mchungaji wetu, amekuja kununua wembe.

"Asajile, kumbe!" akasema.

"Kumbe nini, Mchungaji?"

"Kumbe mkalimani tunaye hapa hapa na hatujui!"

Kanisa letu lilikuwa linaandaa mkutano wa injili uwanjani, wa siku mbili, na mhubiri alikuwa anatoka Ulaya. Mkalimani aliyetegemewa kutoka Mbeya alikuwa ameugua. Kiingereza cha Mchungaji mwenyewe ni cha kusalimia. Kikifika kwenye kuuliza habari za safari kinaisha. Nikamwambia kweli kabisa kwamba mimi ninasoma maboksi tu.

"Hata Musa alikataa hivyo hivyo," akanijibu, akalipia wembe wake akaondoka.

Mama, mtu akishamleta Musa, unamjibu nini?

Jioni yake alinipa kanda ya mhubiri mwingine wa Kizungu, ili nizoeshe masikio. Niliiweka kwenye redio ya dukani. Yule bwana alikuwa na sauti ya fahali, na kila sentensi yake ilikuwa na neno la ukubwa. Nilishika "bigi," kwa sababu hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Mengine yalinipita kama malori. Mchungaji alisikiliza pamoja nami, akatikisa kichwa. "Unaona? Hawa wahubiri wanapenda ukubwa. Wewe jifunze ukubwa. Mengine Roho atakusaidia."

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Restituta.

Huyu mama ni Mfipa, mwalimu mstaafu, nyumba yake iko pembeni ya uwanja wa mpira. Nusu ya watu wanaokaa kwenye viti vya maofisi hapa mjini aliwahi kuwachapa. Ni Mkatoliki wa kuamka na kengele, kwa hiyo nilikwenda na wasiwasi, nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya mkutano wetu sisi walokole. Akanitazama juu ya miwani.

"Kiingereza hakina dhehebu," akasema. "Kaa. Kitu kikubwa kwa Kiswahili tunakiitaje?"

"Kikubwa, Mwalimu."

"Kikizidi?"

"Kikubwa sana."

"Kikizidi tena?"

"Kikuuubwa."

"Umeona? Sisi tunalivuta neno lile lile kama mpira wa manati. Wenzetu hawavuti. Wanalitupa wanachukua jingine. Na kila neno lina kimo chake. Kwangu hutapewa neno mpaka umeona kitu kinachostahili kuitwa hivyo."

Nilidhani ni maneno ya kiualimu tu. Kumbe alimaanisha. Kesho yake alitoka amejifunga kitenge cha safari, akapanda nyuma ya baiskeli yangu, tukaanza kuzunguka mji kutafuta ukubwa.

"Bigi" alinipa mbele ya dume la kulimia la jirani yake. "Laji" alitaka kunipa, nikamwambia hilo ninalo, nimelisoma kwenye kola za mashati ya mitumba. "Hyuji" nililipata stendi ya malori, mbele ya gari lililoshindiliwa maharage mpaka matairi yamelala. "Inomasi" nilipewa mbele ya kanisa kubwa la kwao, na nilitakiwa kulisema nimevua kofia. "Jaigantiki" lilikuwa ghala la chama cha ushirika. Siku hizi ghala lile halina kitu ndani ila popo, maana chama hakinunui mahindi wala hakileti mbegu. Nikamuuliza kama neno bado linafaa hata kama ghala ni tupu. "Linafaa," akasema. "Sasa ndiyo linafaa zaidi."

Kurudi tulikuwa tunapanda kilima na upepo unatupiga usoni. Mwalimu Restituta, mama, ni mtu mwenye mwili. Baiskeli ilikuwa inalia, na mimi ninalia kimoyomoyo. Akaniuliza kutoka nyuma:

"Asajile, na mimi je, ni neno gani?"

Nikajifanya upepo umenizuia kusikia.

"Nimekuuliza."

"Laji, Mwalimu."

"Mwongo. Simamisha baiskeli."

Akashuka, akasimama mbele yangu barabarani, watu wanapita wanamwamkia. "Sema kweli."

"Hyuji, Mwalimu."

"Vizuri. Ukimwogopa mwalimu hutajifunza kitu." Akapanda tena, tukaendelea.

Neno la mwisho halikupatikana mjini. Alisema mjini hakuna kitu cha kimo chake. Tukapanda lori linalokwenda Mtowisa kuchukua mpunga, dereva akiwa mwanafunzi wake wa zamani, akatushusha juu kabisa, pale uwanda wa Ufipa unapokatika ghafla na barabara kuanza kuporomoka. Mama, mimi nimezaliwa milimani, milima hainitishi. Lakini pale nilishika shina la mti. Chini kulikuwa na bonde lote la Rukwa, mashamba kama viraka, ziwa linametameta kwa mbali sana, na ng'ambo yake milima mingine ya bluu. Joto lilipanda kutoka kule chini likatupiga usoni, na mgongoni bado tuna baridi ya Ufipa.

Nikauliza, "Hapa ni neno gani, Mwalimu?"

"Hapa nyamaza kwanza."

Nilimwona anafuta miwani. Baadaye akaniambia kwamba alizaliwa kule chini, na baba yake alimpandisha mgongoni mpaka juu ili aje shule. Halafu akasema, "Imensi." Nikalirudia. Akanisahihisha mara mbili, na lori lililokuwa linapanda likatuchukua.

Kuanzia siku ile ugonjwa ukaniingia. Mteja akitaka betri kubwa, namuuliza kama anataka hyuji. Muuza kabichi wa pembeni nikamsifu kwamba kabichi lake ni inomasi, akanuna siku nzima akidhani nimemtukana. Nilikuwa tayari, mama. Mhubiri yeyote aje na ukubwa wowote.

Akaja. Nilikwenda kumpokea na Mchungaji nikitarajia jitu lenye sauti ya fahali. Kwenye gari akashuka bibi mmoja mwembamba, mfupi, mwenye mvi na sweta la kijani, anaongea kama mtu anayebembeleza mtoto. Jina lake Mama Doroti. Alipoambiwa kwamba mimi si mkalimani wa kusomea, hakukasirika hata kidogo. Saa ya mkutano ilipokaribia alinipa kadi aliyoandika kwa mkono wake maneno atakayosema, ili nisihangaike. Mtu mwema kabisa.

Nikapitia ile kadi nikitafuta maneno yangu. Bigi hamna. Inomasi hamna. Jaigantiki hamna. Imensi, niliyoifuata kwa lori, hamna! Mwishoni kabisa nikaiona "hyuji," moja, imekaa peke yake. Nikashukuru. Hata moja inatosha.

Uwanja ulijaa. Watu walikuwa wametoka vijijini kote, Kaoze, Mtowisa, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe. Na nikukumbushe kwamba huu ni wakati wa kutayarisha mashamba, na kwamba siku hizi mbegu analeta yeyote anayetaka. Mwaka jana walipita watu hapa wakauza mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi, wakisema ni mbegu ya kisasa. Watu walipanda rangi. Kwa hiyo ukitamka neno "mbegu" mbele ya mkulima wa huku, hata kama alikuwa anasinzia, anaamka.

Mama Doroti akaanza, na mimi namfuata na kadi yangu.

"Nilipokuwa mtoto," nikatafsiri, "bibi yangu alinipa mbegu."

Uwanja ukaamka.

Sentensi iliyofuata ilikuwa na neno "taini." Sikuwahi kuliona. Nikawaza haraka: mbegu lazima inatoka mahali, na Wazungu wana miji mingi. "Ilikuwa mbegu ya kutoka Taini," nikasema.

Iliyofuata ilikuwa na neno ninalolijua vizuri sana tangu darasa la tano, tena tulichapwa kwa ajili yake. Ni dakika. Herufi zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyopungua. Yeye alilitamka "mainyuti," nikadhani ni lafudhi ya kwao. Nikasema, "Ilikuwa mbegu ya dakika." Nikaona imekaa fupi, nikaongeza, "moja."

Mchungaji akaitikia, "Amina!"

"Nikaipanda nyuma ya nyumba," nikaendelea. Ndipo likaja neno langu. Mama Doroti akasema mti uliotoka kwenye mbegu ile ulikuwa hyuji. Na mimi, mama, baada ya taabu yote ile, sikuweza kusema "mkubwa" nikanyamaza. Niliona Kiswahili kinanibana. Nikawapa vitu vyenyewe: "Mti ukawa mkubwa! Ukawa mkubwa kama dume la kulimia! Kama lori la maharage! Kama ghala la ushirika! Ukawa mkubwa kama bonde la Rukwa ukilitazama kutoka juu!"

Kofia zilirushwa. Mama Doroti aligeuka akanitazama, ameshangaa neno lake moja limekuwa refu namna ile, lakini akatabasamu. Baadaye uwanja ukawa kimya, na mimi nikafurahi nikidhani wamechomwa moyo. Kumbe ulikuwa ukimya wa watu wanaopiga hesabu ya ekari.

Mwalimu Restituta alikuwa barazani kwake anapepeta maharage, na kipaza sauti kilikuwa kinamfikia vizuri. Anasema aliposikia "dakika moja" ungo ulimtoka mkononi. Akaanza kuja, lakini si mtu wa kukimbia, na alipofika watu walikuwa wanatawanyika.

"Asajile," akasema huku anahema. "Taini ni wapi?"

"Sina uhakika, Mwalimu. Nadhani ni Ulaya."

"Taini ni ndogo."

"Ni mji mdogo?"

"Ndogo, Asajile! Ndogo! Hiyo ndiyo maana ya neno. Ndogo!"

"Na ile dakika?"

"Hiyo nayo ni ndogo. Ikiandikwa ni kama dakika, lakini ikisomwa mainyuti ni ndogo. Ndogo kuliko ile ndogo."

"Sasa Mwalimu, mbona maneno hayo hukunifundisha?"

"Uliniomba makubwa," akasema.

Asubuhi nilipofika sokoni sikukiona kibanda changu kwa wingi wa watu. Walikuwa wameleta magunia, madebe, vikapu, wakiamini kitu chochote cha Kizungu kikifika mjini kinauzwa kwangu. Mbele kabisa alisimama mama mmoja wa kijiji cha nje kidogo ya mji, Mama Skolastika, mjane, jogoo kwapani. Huyu ni mmoja wa wale waliopanda rangi mwaka jana. Alikuwa amerudi kwao usiku kumfuata jogoo, akatembea tena tangu kungali giza.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "sitaki nyingi. Nipe ya kutosha mstari mmoja tu nyuma ya nyumba, kama alivyofanya yule mama wa Kizungu. Chukua jogoo."

Mama, kama angenitukana ningejua la kusema. Nilianza kueleza kwamba hakuna mbegu, kwamba ni neno tu lilinichanganya. Nani anasikiliza? Yule mfugaji niliyemsomea boksi la redio alikuwepo, akapaza sauti: "Huyu Kiingereza anakijua! Alinisomea boksi lote bila kukwama! Leo anasema hakijui?" Mwingine akadakia kwamba ninaificha ili niipeleke kwanza kwa ndugu zangu Mbeya. Wakaanza kusukumana. Rafu moja ya betri ikaanguka.

Ndipo mgambo akaja, akaniambia twende ofisi ya mtendaji wa kata kwa usalama wangu mwenyewe. Tulipita stendi, na hapo ndipo yule utingo aliponiona. Kama angekuwa na subira ya kutufuata, angeona kwamba ofisini nilipewa chai.

Mtendaji alinisikiliza mpaka mwisho, kwa makini, akiandika. Akamtuma mgambo nje. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Sawa. Hao wa nje tutawaambia hivyo hivyo, kwamba hakuna. Umefikiri vizuri. Sasa mimi ni mtu wa serikali, nina kishamba changu kidogo. Nitunzie hata mfuko mmoja."

Nikaapa. Akanikonyeza.

Nitakuambia ukweli, mama. Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja chumbani nikaanza kufunga begi. Basi la Mbeya lilikuwa linaondoka mchana. Nilijua nikibaki nitaitwa tapeli, na katika mji wa watu jina hilo halifutiki hata ukiuza betri za kweli miaka yote. Nilikuwa ninafunga zipu Mwalimu Restituta alipoingia bila kubisha hodi, na nyuma yake Mama Doroti na sweta lake.

Mwalimu alikuwa ameshamweleza kila kitu. Nilitegemea Mama Doroti atacheka, au atakasirika. Hakufanya hata kimoja. Alikaa kitandani kwangu, akauliza habari za yule mama mwenye jogoo: ametoka mbali kiasi gani, ana watoto wangapi. Mwalimu alikuwa anatafsiri. Halafu akasema ameumia, kwa sababu mtu ametembea usiku kwa sababu ya maneno yake. Akaniomba nipande naye jukwaani tena jioni.

"Mwambie siwezi," nikamwambia Mwalimu.

"Mwambie mwenyewe," Mwalimu akasema, "mkalimani ni wewe."

Mama, sikuwa na Kiingereza cha "siwezi" kilichokamilika. Nikabaki.

Jioni watu walikuwa maradufu, na wengi hawakuja kwa ajili ya injili. Mwalimu Restituta alipanda jukwaani pamoja nasi, ngazi zikilalamika chini yake, akakaa kiti cha nyuma yangu kuwa mlinzi wa maneno. Mchungaji alimpisha kwa heshima zote. Nikashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "jana niliwaambia mbegu ya kutoka Taini. Taini si mahali. Maana yake ni ndogo. Nikawaambia ya dakika moja. Hakuna dakika. Maana yake ni ndogo zaidi. Mama huyu alisema alipewa kambegu. Kambegu kadogo, kadogo kabisa, kama vumbi la ulezi. Basi. Maneno mengine yote yalikuwa ya kwangu, na ni kwa kutojua. Sina mbegu, na sijawahi kuwa nayo."

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka katikati: "Kwa hiyo alisema ndogo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ndogo tu?"

"Ndogo tu."

"Na wewe ukatuleta mpaka ghala la ushirika!"

Wachache wakacheka, lakini si kwa uzuri. Ndipo Mama Skolastika akasimama, jogoo bado kwapani.

"Muulize huyo mama," akasema. "Huo mti wake ulichukua muda gani kuwa mkubwa?"

Nikageuka. Swali hilo niliweza kuliuliza, Mwalimu akanisaidia neno moja. Mama Doroti akasogea mbele, akamtazama Mama Skolastika mwenyewe, si umati, akajibu taratibu ili nisipotee. Nikatafsiri kila kipande jinsi kilivyo, bila kuongeza:

"Anasema aliupanda akiwa binti mdogo. Mwaka wa kwanza hakuona kitu. Mwaka wa pili mbuzi aliula. Ukachipua tena. Bibi yake alikufa bila kuona kivuli chake. Anasema sasa yeye mwenyewe ni mzee, na mti bado unakua."

Mama Skolastika akamweka jogoo chini.

"Ala," akasema. "Kumbe ni mbegu kama za kwetu."

Sijui nani alianza kucheka, mama. Labda ni yeye mwenyewe. Lakini uwanja wote ulicheka, safari hii kwa uzuri, mpaka yule mfugaji wa Mtowisa akalazimika kukaa chini. Mama Doroti aliuliza wanacheka nini, Mwalimu akamwambia, naye akacheka akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. Jogoo alikimbia katikati ya watu, na mahubiri yakachelewa mpaka alipokamatwa. Baada ya hapo walisikiliza. Nakuhakikishia walisikiliza kuliko siku ya kwanza, na mimi nilisema "kadogo" kila palipotakiwa kadogo.

Mkutano ulipoisha mtendaji alinipitia karibu, akanishika bega, akaninong'oneza: "Umewaweza! Wameamini kabisa. Sasa, ule mfuko wangu?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijafungwa, sijapigwa, sina kesi. Rafu niliigongelea misumari. Mwalimu Restituta ameniambia nianze madogo kila Jumatatu, na kwamba hayo hayahitaji baiskeli, yote yapo barazani kwake: siafu, punje, tundu la sindano.

Lakini kuna jambo moja nataka ulijue, maana najua swali lako la siku zote ni kama watu wa huku wananijali. Miaka yote hii, mama, walikuwa wananunua, wananishukuru, wanaondoka. Hakuna ugomvi, hakuna ubaya, ila mtu hakai. Juzi asubuhi Mama Skolastika alipita na mkokoteni wake kutoka kusaga, akausimamisha mbele ya kibanda, ng'ombe wakaziba njia yote, akapiga kelele sokoni kote: "Wee Dakika! Betri zipo, au nizipande kwanza?" Wauza nyanya wakashika mbavu. Akashuka, akakaa kwenye kreti langu la soda, akanipa mhogo wa kuchoma, tukaongea mpaka ng'ombe wake wakachoka kusimama. Akaniuliza kama nina mama. Nikamwambia ninaye, nikamweleza habari za mguu wako. Amekutumia mizizi ya kuchemsha. Nimeifunga pamoja na barua hii.

Msalimie dada Subilaga, na shemeji mwambie nimepata ile kamba ya baiskeli aliyoitaka. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, na shangazi wa Kyela akija na samaki. Watoto waambie mjomba wao anawakumbuka kwa majina yote. Yule utingo ukimwona sokoni usimgombeze. Mwambie tu kwamba mama wa aliyekamatwa anamsalimia.

Ndaga fijo, asante sana, kwa maombi yako. Nimeyaona yakifanya kazi.

Ni mimi mwanao,
Asajile, ambaye huku wananiita Dakika.